Mkono Ulioachia

Mkono ni wa nani?

Siulizi ili nionekane nimesoma. Nauliza kwa sababu kuna alasiri moja mkono wangu wa kulia ulifanya jambo bila kuniuliza, na mpaka leo sijui nimlaumu nani. Nikiutazama, uko hapa pajani, mkavu kwenye viungo, na kovu dogo la sindano kwenye kidole cha shahada. Unafanana na wangu. Ninapokula, unakula nami. Ukiwasha, naukuna. Lakini mtu akikuazima nguo ukaivaa miaka mingi, nguo itafuata umbo la mwili wako, na hata hivyo mwenyewe akija ataitambua kwa mshono. Nadhani mkono wangu una mwenyewe mwingine. Nadhani nilimkabidhi mimi, kwa hiari yangu, nikapiga magoti nikashukuru.

Ngoja nianze na kilima.

Kilima chenyewe hakikai mahali pamoja. Ukikitafuta kwa kuulizia njia hukioni. Ukiwa unakimbia kitu, unashtukia unapanda. Juu yake iko Nyumba ya Mikono Wazi, kuta saba, moja ndani ya nyingine kama maganda ya kitunguu, na ndani ya ukuta wa saba hakuna kitu, ua mtupu uliofagiwa. Humo ni alasiri siku zote. Jua limesimama juu ya ukuta wa magharibi kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichokuja kuchukua. Unalala ukichoka, unaamka, jua liko pale pale, na kivuli chako kiko pale pale ulipokiacha.

Wanaoishi humo huitwa watawa, ingawa wengi waliacha waume na wake huko walikotoka. Wanavaa kaniki, hawabebi silaha, hawapigi. Watu wa bondeni husema mtawa mmoja anaweza kupita katikati ya askari arobaini na asiguswe, na ni kweli, nimeiona, nami nimeifanya. Sanaa yao yote ni kuachia. Ukimshika mtawa, anatoka. Ukimvuta, anakuja kidogo, kisha hayupo. Ukimsukuma, umesukuma hewa na unaanguka mwenyewe. Na kwa kuwa hawashikiki, wenye nchi huwaita wawashauri mambo ya roho na ya kiti, maana mtawala humwogopa mshauri mwenye kitu cha kushikiwa: shamba, jamaa, tamaa. Mtawa hana. Mtawa ni mtu ambaye huwezi kumfanya lolote, na kwa hiyo unaweza kumwambia lolote.

Mimi nilipanda kwa sababu ya kiganja cha askari.

Walikuja kumchukua mume wangu saa ya watu kunywa chai. Vuai alikuwa fundi saa, na kosa lake lilikuwa kusema, tena kwa kucheka, kwamba saa ya ngomeni imesimama na kila mtu anaogopa kuiambia. Walikuwa watatu. Wawili walimbeba yeye. Wa tatu alinishika mimi kifundo cha mkono, na mtoto wetu Mboni yuko kiunoni kwangu, hajatimiza miaka mitatu, mdomo umejaa andazi. Sijawahi kushikwa vile. Hakuniumiza. Alinishika tu, kama mlango unavyoshikwa na komeo, nikaona mume wangu anapungua barabarani, anakuwa mdogo, anakuwa kitu, anakuwa vumbi, na mimi niko pale.

"Niachie, kaka," nilimwambia.

"Dada, si mimi," alijibu, na sauti yake ilikuwa ya upole, nadhani naye alikuwa na mtoto. "Ni kazi."

Siku ile ile niliamua. Nitajifunza mkono usioshikika, kisha nitarudi nimfundishe mwanangu, ili asije mtu kumtia komeo. Nilimpeleka kwa wifi yangu Mkasi, dada yake Vuai. Nikamkata kucha kwa wembe, polepole, kidole kimoja kimoja, nikipuliza. Nikamwambia: zikirefuka tu hizi, mama yuko mlangoni. Alizitazama kucha zake kwa makini sana, kama anayeangalia sufuria ya maziwa isichemke ikamwagika.

Ndivyo nilivyoondoka. Kwa ajili yake. Naomba hili likumbukwe, ingawa halisaidii kitu.

*

Kuna njia moja tu ya kujifunza kule, nayo ni kushikwa. Unakaa chini, mwenzako anakukamata kifundo, anabana, na wewe unatafuta mlango. Kila mshiko una mlango, wanasema, hata wa jitu: ni pale kidole gumba kinapokutana na vidole vingine. Vinne vina nguvu, gumba lina mpaka. Unageuza mkono kidogo kuelekea pale na unatoka, kama mtu anayetoka chumbani bila kuwaaga wageni. Mara ya kwanza unatumia nguvu. Mara ya elfu unatumia akili. Mara ya elfu kumi hutumii chochote, mkono unajua wenyewe.

Mwenzangu alikuwa Jecha, mkwezi wa minazi, mtu wa miguu mirefu na maneno mengi. Alinicheka tangu siku ya kwanza.

"Unanishika kama unashika mtoto wa watu, Semeni. Bana basi. Mimi si kifaranga."

"Nikibana utalia."

"Nilie mara ngapi? Mke kanikimbia, mnazi umenitupa, sasa nimekuja kushikwa mkono na mwanamke ambaye hata hanitaki. Bana, dada, nipate cha kusimulia."

Alisema mkwezi akiachia anakufa, kwa hiyo yeye amekuja kujifunza kufa taratibu. Nilicheka. Tulicheka sana mwanzoni. Halafu, sijui lini, maana lini haikuwepo, nikaanza kuona mambo madogo. Ufagio ukinasa kwenye jiwe, mkono unauacha. Upepo ukivuta ushungi wangu, vidole vinaukabidhi kwa upepo, kwa adabu, kama vile umeomba. Nikafurahi. Nikadhani ninakuwa huru. Somo Kibibi, mkuu wa Nyumba, mwanamke mwembamba ambaye sikuwahi kumwona akigusa kitu, alipita akatazama na kuitikia kwa kichwa: vizuri.

Kwenye ukuta wa kwanza, ule wa nje kabisa, kuna tundu. Tunaliita tundu la salamu. Ndugu akija kukuona, haoni uso wako wala wewe huoni wake, kwa sababu uso, wanasema, unavuta kuliko kamba. Anapitisha mkono, unaupokea, mnazungumza ukuta ukiwa katikati. Kwa hiyo mwanangu nilimlea kwa kuona kiganja. Yeye wote alikuwa kiganja. Wengine wana picha za watoto wao ukutani. Mimi nilikuwa na ukuta, na ndani yake mkono.

Alikuja mara ya kwanza nilipokuwa nahesabu alasiri yangu ya tatu. Ulipita mkono wa mtoto wa miaka sita au saba, kucha ndefu, zimejaa udongo.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umekuwaje mkubwa hivi?"

"Nimekaa tu." Kisha: "Shangazi anasema umekuwa mtawa. Mtawa anakula nini?"

"Kunde."

"Mimi sipendi kunde." Akachezesha vidole. "Lakini ukitaka nitakula."

Nilimng'ata kucha moja moja pale tunduni, maana wembe sikuwa nao, na alicheka kwa sababu mate yalikuwa yanamtekenya. Kifua changu kililowa. Sikuwa na maziwa tangu zamani, lakini kaniki ilikuwa imelowa kweli, na Jecha alipoiona hakufanya utani.

Mara ya pili mkono ulikuwa na wino kidoleni na alama ya moto kwenye kifundo.

"Nani kakuunguza?"

"Nilijiunguza mwenyewe, nikichoma maandazi. Mbona zamani hiyo, mama."

Zamani. Kwangu ilikuwa alasiri ile ile, sijamaliza hata kukausha kaniki. Nilitaka kuuliza: zamani ya nani? Kuna mama huko nje anayenizidi kuwa mama, anayeitwa Muda, anamlisha, anamvalisha, anampakia dawa ya moto, na akichoka anamleta hapa nimwone kidogo. Nikamwonea wivu huyo mama. Nikalibusu lile kovu. Nikasema bado kidogo, nimekaribia kufuzu, nitakufundisha. Mboni akasema haya, mama, kwa sauti ya mtu anayemkubalia mgonjwa.

*

Mara ya tatu. Hii nataka niieleze polepole.

Ulipita mkono sawa na wangu. Hina imefifia kwenye kucha, kiganja kigumu cha mtu anayetwanga. Sikuutambua mpaka nilipoona alama ya moto, nayo ilikuwa imeenea kidogo, kama jina lililoandikwa kwenye puto linalopulizwa.

"Mama," alisema. Hakusema shikamoo. "Nina mimba. Miezi saba. Shangazi anaumwa, hawezi kuamka. Nimekuja kukuchukua."

"Mwanangu, bado..."

"Sikuja kuuliza bado. Sitaki kufundishwa kitu. Nataka uwepo nikijifungua, basi. Ukae tu pale kwenye kigoda, hata usiseme. Twende."

Na akanishika. Alinishika kifundo kwa vidole vyake vyote, na akavuta. Ukuta ulikuwa na mlango, hatua ishirini kutoka pale, haufungwi, hakuna aliyewahi kunikataza kutoka. Nilikuwa nimeshasema ndiyo. Nasema kweli: moyoni nilikuwa nimeshasema, nilikuwa nimeshafika, niko kwenye kigoda, nasikia maji yanachemka. Mguu wangu wa kushoto ulikuwa umeshainuka kuelekea mlangoni.

Mkono ukageuka. Kidogo tu, upana wa punje ya mchele. Ukalitafuta gumba lake, ukaupata mlango, ukatoka.

Hakukuwa na sauti. Mkono wa Mboni ulibaki ndani ya tundu, umefumba, umeshika mahali nilipokuwa. Vidole vikafunguka vikaangalia. Vikanihitaji nivirudie, na nilivirudia, naapa, niliupeleka mkono wangu mbio, lakini yeye alikuwa anautoa wake, na huko kuutoa kulikuwa kuvuta, na mkono wangu kwa kila mvuto ulifungua, ukafungua, ukafungua, kama mdomo wa samaki.

"Haya," alisema upande wa pili. "Nimekuelewa."

Nilisikia ndala zake. Ndala nzito, za mtu anayebeba wawili. Nilikimbia mpaka mlangoni, hatua ishirini, na kwa kuwa ni alasiri ndefu ya kilima kile, nilipotoka nje barabara ilikuwa tupu na majani yameshaota kwenye nyayo.

Somo Kibibi alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Hongera," alisema. "Umefuzu."

"Sikuachia mimi, Somo. Nilitaka kwenda. Ni mkono."

"Ndiyo kufuzu kwenyewe. Unapoachia kwa kutaka, bado uko wewe na kutaka kwako. Sasa mkono umeachia na hukuwepo. Mvuto wa damu yako ndio wa mwisho. Huna tena mahali pa kushikwa."

Kumbe tundu lilikuwa mtihani. Kumbe miaka yote ile wanawaacha ndugu waje, waje, waje, mpaka siku moja wavute.

Jecha alikuwa ameketi ukutani, hanitazami. Nikamwuliza: na wewe?

"Kwangu alikuwa baba," alisema. "Alikuja kuniita nikamzike mama. Akanishika hapa." Akaonyesha, na aligusa kifundo chake kwa ncha ya kidole, kama kinauma. "Nikatoka vizuri sana, Semeni. Vizuri mno. Somo alinipa uji wa asali."

*

Mtu akifuzu, anapelekwa kushauri. Nilipelekwa ngomeni kwa Mwenye, mtawala wa nchi, yule yule wa siku ya Vuai, au mwingine aliyevaa pete yake. Watu wa bondeni wenyewe hawana hakika, wanaona pete.

Ushauri wetu una desturi yake. Mtawa hakai kitini akatoa hekima. Kwanza anapigana mieleka na mtawala, wawili peke yao, kwenye mkeka, mpaka pumzi ziwakatike wote. Ndipo mmoja anauliza na mwingine anajibu, kwa yale maneno machache yanayoweza kutoka kwenye kifua kisicho na hewa. Mtu wa pumzi nyingi ana nafasi ya kupamba maneno, ndivyo wanavyosema. Na jibu, kwa vizazi vyote, limekuwa lile lile: Achia. Watawala wanalipenda. Wanatoka jasho, wanaambiwa waachie, wanajisikia wepesi kama wameshaachia, wanaoga, wanarudi kushika.

Mwenye alikuwa amezeeka upande mmoja. Shavu la kulia la mzee, la kushoto la kijana, na alipokuwa akitembea ule upande wa kijana ulikuwa unamsubiri mwenzake. Alinikamata mabega. Nilitoka. Alinikamata kiuno. Nilitoka. Alikuwa anahema, anacheka kwa hasira.

"Nyinyi watu ni moshi," alisema.

"Na wewe ni mkono, Mwenye."

"Nimekuwa mkono tangu nikiwa mtoto. Njoo hapa."

Tulizunguka mpaka miguu ikawa ya pamba. Tukaanguka pamoja, migongo kwenye mkeka, tunatazama dari. Juu ya mlango kulikuwa na saa. Ilikuwa imesimama. Na mimi, ambaye sikuwa na kitu cha kushikiwa, niliuliza kabla yake, jambo ambalo mtawa hafanyi.

"Ulimchukua mume wangu. Vuai. Fundi saa. Yuko wapi?"

Alitafuta pumzi. "Simjui."

"Alisema saa yako imesimama."

Aliitazama. "Imesimama," alikubali, kama anaiona kwa mara ya kwanza. "Simjui, dada. Sikufichi. Nilimshika? Askari alimshika. Askari alitumwa na amri. Amri iliandikwa na karani. Karani aliandika alichodhani nimesema." Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka. "Mimi huenda nilikuwa nakula. Si mimi. Ni kiti."

Si mimi. Nililala pale nikayasikia maneno hayo yakizunguka chumbani, yanatafuta mdomo yalikotoka, na yalipomaliza kuzunguka yalikuja kwangu. Dada, si mimi, ni kazi. Somo, si mimi, ni mkono. Nilikuwa nimepanda kilima kizima ili nisishikwe tena na yule askari, na huko juu, alasiri kwa alasiri, kwa bidii, kwa kusifiwa, nilikuwa nimejifunza kuwa yeye. Naye lazima alifundishwa. Mara ya elfu kumi mkono wake ulijua wenyewe. Labda ndivyo nguvu inavyokaa duniani. Wabaya ni wachache, hawawezi kuifanya kazi yote hiyo. Inafanywa na mikono ya watu wema, iliyofuzu, wenyewe wakiwa wamesimama pembeni wanasikitika.

"Sasa zamu yangu," alisema Mwenye. "Mwanangu anataka niachie kiti. Ananivuta kila siku. Niachie?"

Nilijua jibu. Nilikuwa nimefundishwa, neno moja, linatoka hata bila hewa.

"Sijui," nilisema. "Mimi mwanangu alinivuta, nikaachia. Nimempoteza."

Alinigeukia na ule upande wa kijana. "Wenzako wote waliniambia niachie. Hakuna aliyewahi kuniambia yeye aliachia nini."

"Anza kwa kusema ni wewe," nilimwambia. "Mume wangu. Wengine. Sema ni mimi niliyeshika. Kisha uone kama kiti bado kinakalika."

"Nikisema hivyo nitabaki na nini?"

"Na mkono. Na wenyewe utakuwa wako."

 Pumzi zikamrudia, nikaziona zinamrudia, na pamoja nazo uso wake ukarudi, wote, pande zote mbili, ukafungika. Aliinuka akakung'uta kanzu.

"Ushauri mzuri," alisema. "Nitaufikiria." Akaenda kuoga.

*

Sikurudi kilimani. Sikuweza hata kama ningetaka, kilikuwa kimehama. Nilishuka bondeni kwa miguu, na njiani, kwa mara ya kwanza tangu nilipoondoka, jua lilisogea. Liligusa miti, likazama, kukawa na magharibi halisi yenye mbu. Kukachwa na kukacha mara nyingi. Miaka yangu ilikuwa inaningoja barabarani, mmoja mmoja, nami niliichukua yote. Magoti yakaanza kuuma, kwanza la kulia. Nikajipapasa kichwa, mvi zimeshafika. Nilipoingia mtaani kwa wifi Mkasi, nilikuwa mwanamke wa makamo, na hakuna aliyenijua.

Mboni alikuwa uani, ameketi kwenye mkeka na ungo wa mchele, anachambua. Niliutambua mkono. Uso nilikuwa nauona kwa mara ya kwanza tangu ule wenye andazi mdomoni. Ana paji la uso la Vuai. Hakuna aliyenitayarisha kwa hilo. Kando yake kulikuwa na mtoto wa kike wa miaka miwili hivi, anazijaribu ndala za mama yake.

Hakushtuka. Alinitazama, akatazama kaniki, akarudi kwenye mchele.

"Shangazi alikungoja," alisema. "Mpaka siku ya mwisho alikuwa anauliza nani kabisha hodi."

"Na wewe?"

"Mimi nilijifungua." Akatupa jiwe dogo. "Huyu ni Kazija."

Nilikuwa na maneno mengi. Nilikuwa nimeyapanga njia nzima: tundu, mtihani, mguu wangu wa kushoto ulioinuka. Yote ni kweli, na yote yalikuwa yanaanza na si mimi. Nikayaacha.

"Mboni. Ile siku. Ni mimi niliyeachia. Si Nyumba, si mafunzo. Mkono ni wangu. Nilikuachia mimi."

Mchele uliendelea kuruka na kutua, kuruka na kutua. Kazija alikuja akasimama karibu yangu kwa ndala kubwa, akanusa kaniki, akaondoka.

"Nilishuka kilima kizima nimejishika mkono mwenyewe," Mboni alisema hatimaye, haniangalii. "Huu na huu. Nilikuwa nasema, twende basi, twende. Mtu angeniona angesema huyu amerukwa na akili." Akaweka ungo chini.  

"Utakula?"

"Nitakula."

Nilikula. Baadaye nikaomba nioshe vyombo, maana sikujua niombe nini kingine. Bakuli la udongo likilowa lina uzito wake, na uzito nao unavuta. Liliteleza, likapasuka vipande vitatu. Mboni alitoka na ufagio.

"Umeumia?"

"Sijaumia. Mikono yangu haishiki sawasawa, mwanangu. Ndivyo ilivyo siku hizi."

Alifagia. Kesho yake nilivunja jingine. Keshokutwa la tatu, lile lenye maua, ambalo nadhani lilikuwa la Mkasi, na vipande vyake nilivificha nyuma ya pipa kama mtoto. Aliviona. Nilimwona akiviona. Alisimama pale, mkono kiunoni, kisha akaenda zake ndani, na usiku ule nikajua nitaambiwa nitafute pa kwenda, na nikajua atakuwa na haki, na nililala nimefunga mdomo kwa upande wa khanga ili Kazija asinisikie.

Asubuhi Mboni hakuwepo. Alikuwa amekwenda gulioni. Alirudi jua limepanda, ana kapu kichwani. Hakunisalimia. Alipiga magoti penye karai la vyombo, akayatoa mabakuli ya udongo yaliyobaki, mawili, akayaweka juu ya kabati nisipofika. Kisha akaanza kupanga kutoka kwenye kapu, moja juu ya jingine, mabakuli ya bati. Sita. Mapya, yana ukingo wa buluu, bado yana vumbi la duka.

Akaingia ndani kupika.

Nilikaa kwenye kigoda mbele ya karai. Nikalichukua la kwanza, nikalisugua kwa jivu, nikalisuuza. Lililowa, likawa zito, vidole vikafunguka. Likaanguka kwenye sakafu kwa kelele ya ajabu, likazunguka, likazunguka, likatulia. Zima. Kazija akacheka mpaka akakaa chini, akalichukua la kwake akalibwaga, asikie tena.

"Okota, mama," Mboni alisema kutoka jikoni.

Nikainama, nikaliokota. Likaanguka. Nikainama.